Mtoto wa kati wa Vunjo: namkumbuka baba yangu, mfanyabiashara wa Himo

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi uliopita tulikutana nyumbani kwa ibada ya mwaka mmoja tangu tumzike baba. Baada ya chakula nilimsikia kijana mmoja wa ukoo akiwaeleza wenzake kwamba Mzee alifanikiwa kwa sababu Mchaga anazaliwa na biashara kwenye damu. Wote wakacheka, wakakubaliana. Sikumjibu pale, watu walikuwa wengi na mama alikuwa amechoka. Lakini maneno yale nimelala nayo siku kadhaa, nikaona niyajibu kwa maandishi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka anisamehe.

Baba yangu hakuzaliwa na biashara. Alizaliwa mtoto wa kati.

Kwa wasiotoka kwetu: mlimani Kilimanjaro, mtoto wa kiume wa kwanza hukatiwa kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, na baba yake anapooa. Wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi na kihamba chao, na yeye ndiye anayewatunza hadi wanaondoka duniani. Walioko katikati wanapata kama ardhi ipo. Kama haipo, wanashuka. Baba alikuwa wa tatu kati ya wavulana watano, na kihamba cha babu ukisimama mlangoni unakiona chote: migomba juu, kahawa chini yake, mfereji pembeni, mimea ya masale mpakani, kwisha. Babu alikuwa mwanachama wa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, tangu ujana wake na kahawa yake ilimsomesha mtoto wa kwanza vizuri. Kwa wa tatu, pesa ilikuwa imekwisha na ardhi imekwisha.

Alizaliwa 1947. Alisoma hadi darasa la nne, akakwama kwenye ule mtihani uliokuwa chujio enzi za mkoloni. Mwaka 1963, akiwa na miaka 16, alishuka Moshi mjini kwa miguu akiwa na mkungu mmoja wa ndizi wa kuuza ili apate pa kuanzia. Akapata kazi ya kubeba mizigo kwenye duka la jumla la Mhindi. Alibeba magunia miaka mitano. Jioni alikuwa anabaki kufagia, na alipenda kufagia karibu na meza ya hesabu kwa sababu alitaka kuona yule mzee anaandika nini kwenye daftari lake. Hapo ndipo alipojifunza kuhesabu kwa Kigujarati, na hakuacha tena. Hadi uzee wake, ukimkuta ghalani anahesabu mabati utamsikia anasema polepole: ek, be, tran, char... Sisi watoto tulijua kuhesabu hivyo kabla ya kuanza shule, tukidhani ni Kichaga cha zamani.

Mwaka 1969 alinunua baiskeli na kuanza kuuza mafuta ya taa na chumvi njia panda ya Himo. Mwaka 1972 akajenga kibanda cha mabanzi. Alichagua Himo kwa akili. Pale barabara inagawanyika: moja inakwenda Holili na Taveta, nyingine inapanda Marangu, Mwika hadi Rombo, na ile kuu inatoka Moshi kwenda Dar es Salaam. Alikuwa akisema mtu akishuka mlimani akiwa na pesa ya kahawa, lazima apite mbele ya macho yako. Kazi yako ni kuwa umefungua.

Na alifungua. Saa kumi na mbili asubuhi, siku zote isipokuwa Jumapili.

Sasa wale wanaosema damu, wasikilize kilichofuata. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili yawepo ya ushirika na ya kijiji. Mwaka huohuo vyama vya ushirika vyenyewe vikafutwa, KNCU ikiwemo. Kibanda cha baba kikapigwa kufuli. Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na Himo bila mpaka ni njia panda ya vumbi. Nilikuwa na miaka miwili, mama ana mimba ya mdogo wangu. Baba alikodi shamba la mahindi tambarare, akalima kwa jembe la mkono misimu miwili. Mama anasema hakuwahi kumsikia akilalamika, ila usiku alikuwa anatoa lile daftari la duka lililofungwa na kulisoma ukurasa kwa ukurasa.

Alipofungua tena ilikuwa baada ya vita ya Kagera, na kila kitu kilikuwa adimu: sukari, sabuni, khanga, dawa ya meno. Ukipata mgao unapanga foleni, na mwenye duka anaitwa mlanguzi hata kabla hajafungua mdomo.

Nikumbuke Machi 1983. Wakubwa humu wanajua, msako wa wahujumu uchumi. Nilikuwa na miaka minane. Usiku tulisikia kwamba watu wanatupa mali mtoni, wengine wanafukia shambani. Baba alikuwa na katoni kadhaa za sabuni na majora ya kitambaa aliyoyanunua kwa kuzunguka sana. Jirani akaja akamwambia afukie. Akakataa. Asubuhi alifungua duka saa kumi na mbili kama kawaida, akauza sabuni yote kwa bei ya serikali, ile ya Tume ya Bei, mche mmoja kila kaya, na kitambaa akakikata vipande vya sare za shule. Siku mbili duka lilikuwa tupu. Alipata hasara ambayo ilimchukua miaka kuiziba. Walipokuja kukagua hawakukuta cha kuchukua, wakamchukua yeye. Alikaa ndani siku tisa, akaachiwa bila shitaka. Alirudi amekonda, akaoga, akala mtori, akauliza daftari liko wapi.

Kwa miaka mingi sikuelewa kwa nini hakufukia. Nilimuuliza nikiwa mtu mzima. Akasema: "Nikifukia, nyinyi mtajua kwamba kazi yangu ni kitu cha kufichwa."

Nitaendelea, nimwangalie mtoto kwanza.

#2 Mchangiaji

Pole sana mkuu. Mimi ni wa Rombo na kama ni yule mzee wa mabati ninayemfikiria, basi naomba nishuhudie. Mwaka 1991 mama yangu alikuwa mjane, nyumba ya makuti ya migomba, mvua inaingia. Alikwenda kwa mzee na mbuzi mmoja. Mzee akamuuliza nyumba ina vyumba vingapi, moto unawashwa ndani au nje, akapiga hesabu kwenye boksi la misumari. Akampa mabati 18 na akamwambia mbuzi arudi naye nyumbani, ana mimba. Mama alilipa kwa mahindi misimu mitatu. Ile nyumba bado ipo na bati ni lilelile.

#3 Mleta uzi

Mkuu #2, Aika sana (ahsante kwa Kichaga). Umenitoa machozi. Ndiye huyohuyo. Hilo swali la moto unawashwa wapi alimuuliza kila mtu, kwa sababu moshi unakula bati kwa ndani, na bati jembamba halistahimili. Kuna wauzaji walikuwa wanampa mtu geji 32 na kumwambia ni 30, mteja hajui kwamba namba ikipanda bati linapungua unene. Baba alikuwa analikunja kona kwa kidole mbele yako ujionee. Alipoteza wateja wengi kwa kuwaambia kwamba pesa waliyonayo haitoshi kwa bati linalofaa, wasubiri msimu ujao.

Mabati aliyaanza baada ya 1985, Mzee Mwinyi alipoingia na milango ikafunguka. Mpaka wa Kenya ulikuwa umeshafunguliwa tena tangu Novemba 1983. Watu walioko Dar es Salaam walianza kuwa na pesa, na nyinyi mnajua pesa ya Mchaga inaishia wapi: Desemba, kupanda mlimani, kujengea wazazi. Kwa hiyo Novemba na Desemba ndiyo ilikuwa mavuno yetu. Familia nyingine zikijiandaa kula Krismasi, sisi tulikuwa ghalani tunapima misumari kwa kilo. Nilikuwa nachukia, sitaki kudanganya. Tarehe 24 alikuwa anapanda nyumbani saa mbili usiku, vidole vimekatwakatwa na mabati, anakaa kwenye kigoda anasinzia kabla ya kumaliza kikombe. Lakini tarehe 25 alikuwa wetu. Anachinja mwenyewe, anatuimbisha, anamwagia mama mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata kwa mikono miwili kama bibi harusi.

Halafu ikaja 1989. Julai ule mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika, bei ikaanguka duniani kote, na mlimani chulebuni, ugonjwa wa kahawa, ilikuwa imeshapiga miti. Watu waliokopa mabati wakitegemea kahawa wakashindwa kulipa. Baba naye alikuwa amechukua mali kauli, yaani uza kwanza ulipe baadaye, kwa wenye jumla mjini, nao wanataka chao. Nilikuwa kidato cha pili. Alipitia daftari jina kwa jina, akaenda nyumba kwa nyumba kwa miguu, hakutuma mtu. Aliyekuwa na mahindi alitoa mahindi. Aliyekuwa na ndizi alitoa ndizi, zikapakiwa lori kwenda Dar es Salaam. Waliokuwa na mikono tu walikuja kufanya kazi: ghala la mawe lililopo hadi leo lilijengwa na madeni ya kahawa ya mwaka ule. Kuna fundi alilipa deni lake kwa ukuta wa mashariki peke yake. Baba alikuwa akiupita ukuta ule anaugusa kwa kiganja na kumtaja fundi kwa jina.

#4 Mchangiaji

Dada, mimi nilifanya kazi pale kati ya 1998 na 2001. Namheshimu marehemu, amenifundisha kazi na leo nina duka langu Arusha. Lakini tukumbuke kwa ukweli: mzee alikuwa mkali. Ukivunja kioo unakatwa. Ukichelewa dakika tano unakuta mwingine amesimama mahali pako. Na sikumbuki siku hata moja aliyoniambia nimefanya vizuri.

#5 Mleta uzi

Kaka, karibu, na ahsante kwa kusema. Ni kweli. Hata sisi watoto hatukuambiwa. Niliposhinda kwenda kidato cha tano aliangalia karatasi, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati. Sikusikia neno. Siku tunamvalisha nguo za mwisho, mama alitoa lile koti lake la kwenda kanisani, na mfukoni tukakuta karatasi zetu sita, za kila mtoto, zimechakaa kwenye mikunjo. Ningependa sana kama angesema. Mama naye alimwambia mara nyingi, na yeye alijibu kwamba baba yake hakumfundisha maneno hayo. Sitaki kulifanya jambo hili kuwa zuri. Lilituumiza, na kaka yangu mmoja limemuumiza hadi leo.

Lakini kuna namna yake moja ya kutuonyesha nataka niieleze, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niandike.

Kila mtoto wake alipofikisha miaka kumi alipewa shelfu dukani. Shelfu moja, ya chini, urefu wa mkono. Anakupa mtaji wa kwanza kama mkopo, unachagua utauza nini, unanunua mwenyewe, unapanga bei mwenyewe. Mimi nilipewa 1985. Nilichagua viberiti, mishumaa, wembe na kalamu. Jioni, akishafunga hesabu za duka, anamwita mmojammoja: "Kimeingia nini? Kimetoka nini?" Ukidanganya anajua, kwa sababu anakumbuka kila kilichopita mlangoni. Ukipata hasara hakugombezi, anakuuliza tu ulimuuzia nani kwa mkopo na unajua anakaa wapi. Faida ni yako. Viatu vyangu vya sekondari nilivinunua kwa viberiti.

Wasichana tulipewa shelfu sawasawa na wavulana. Leo inaweza kuonekana jambo dogo. Wajomba zake walimcheka. Walimwambia unamfundisha biashara mtoto wa kike ili akatajirishe ukoo wa watu.

Na sasa lile la ardhi. Tangu 1988 alikuwa ananunua ardhi kidogokidogo, nyingi tambarare, na kipande kimoja mlimani ambacho familia moja ilikiuza ilipohamia Morogoro. Hapo ndipo alipojenga, hapo ndipo tulipomzika. Mwaka 2009 alituita sote sita, na wake na waume zetu. Akatoa karatasi, kila kiwanja kimepimwa na kina jina. Akaanza na sisi wa kati. Mimi ni wa tatu, msichana. Nilikuwa wa kwanza kuitwa.

Kaka yetu mkubwa alisimama. Alisema kwa mila yeye ndiye anayetangulia. Baba hakupandisha sauti. Alimjibu: "Wewe ungepewa na mila hata kama mimi nisingekuwepo. Hawa wa kati na hawa wasichana hawana mila ya kuwapa. Wana mimi tu."

Kaka aliondoka siku ileile. Hakuja Krismasi mbili. Nilimwona baba tarehe 25 akitazama geti, ameshikilia kata ambayo hajainywa. Krismasi ya tatu kaka alikuja na isale, jani letu la kuombea msamaha, mkononi, akasimama nje ya geti hadi baba akatoka. Kwetu ukiletewa isale hukatai. Walikaa chini ya mgomba saa nzima, hatujui walisema nini, na kaka akaingia akala.

Kwa hiyo yule kijana wa ukoo, kama unasoma: haikuwa damu. Ilikuwa ni mtu aliyenyimwa pa kusimama akiwa na miaka 16, akatumia maisha yake yote kuhakikisha hakuna mtoto wake atakayesimama mlangoni akitazama kihamba cha mwenzake. Sabuni, mabati, misumari, yale yote yalikuwa ni njia ya kufika kwenye zile karatasi za viwanja.

#6 Mchangiaji

Pole dada. Mimi ni wakili, naomba niongeze kidogo kwa faida ya wasomaji. Mzee aliona mbali. Matamko ya sheria za kimila ya 1963 yaliwaweka watoto wa kike mwisho kwenye urithi, na kesi nyingi za ardhi za kifamilia zinaanzia hapo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, aliamua kwenye kesi ya mama mmoja wa Kagera kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kama mwanamume. Halafu zikaja sheria mbili za ardhi za 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Ile ya vijiji, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi kihalali. Lakini sheria ikiwa vitabuni na mjomba akiwa shambani, mara nyingi mjomba ndiye anayeshinda. Kugawa ukiwa hai, kwa maandishi, mbele ya wote, kumewaokoa nyinyi na miaka mingi ya mahakamani. Swali langu: duka nani anaendesha sasa?

#7 Mleta uzi

Wakili, ahsante, umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Na ni kweli, baada ya mazishi baba zetu wadogo walikaa kikao wakitarajia kugawa, wakakuta hakuna cha kugawa. Waliinuka wakaenda kuanua tanga.

Duka anaendesha mdogo wangu wa tano na mkewe. Mimi nafunga hesabu za mwisho wa mwezi kutoka hapa nilipo. Baba alifanya kazi hadi miezi mitatu kabla ya kufariki, akiwa na miaka 76. Mguu ulipokataa alihamishia kiti chake mlangoni pa ghala, wapakiaji wakipita na bati anahesabu kwa sauti, na wakikosea anawarudisha. Siku za mwisho kitandani alikuwa anahesabu bado. Muuguzi alimuuliza mama ni lugha gani ile.

Yale mashelfu sita ya chini bado yapo. Mwezi Juni binti wa mdogo wangu alitimiza miaka kumi, akapewa langu. Tulimwachia mtaji uleule wa mwanzo kwa thamani ya leo, na daftari jipya. Alianza na mishumaa kwa sababu nilimsimulia. Juzi amenipigia simu usiku, sauti imejaa uzito wa mtu mzima, akasema: "Shangazi, mishumaa hainunuliwi, umeme umefika kila mahali. Nimebaki nayo 31. Nataka kuweka balbu na soketi. Unanishauri niuze mishumaa kwa hasara, au nimsubiri mchungaji?"

Nikamuuliza kimeingia nini, kimetoka nini. Akaenda kuchukua daftari.